Ufa wa Kware, Moshi wa Dandora

Jumatatu, 28 Aprili 2025
Mvua siku ya nne. Leo nimeona ufa kwenye nguzo ya chini, karibu na ngazi. Kidole changu kidogo kinaingia! Owino, keateka anayetunza jumba letu, anasema ni plasta tu, nyumba inatulia. Ghorofa saba zinatulia vipi? Nimepanda hadi kwangu, ya tano, bila kugusa ukuta.

Jumatano, 30 Aprili
Sabrin wa mlango wa pili amehama. Aligonga kuniaga — tangu Krismasi hakuna aliyegonga mlango huu. Ameniambia nisikae.
Nimempigia binti yangu Jacky, Dandora. Akasema niende kwake leo leo. Nikamwambia nitafikiria. Kifua hiki kimeshiba: miaka thelathini ya vumbi la kuchonga vinyago, kumi na miwili ya moshi wa jalala la Dandora. Daktari alisema wazi nikiendelea kukaa kule, mapafu hayatafika mbali. Ndiyo maana nilihamia Kware baada ya kumzika mama yake Jacky. Peke yangu.

Ijumaa, 2 Mei
Watu wawili wenye helmeti wamechora X nyekundu ukutani, alama ya jumba lisilofaa kukaliwa. Wengi wanabeba magodoro.
Nimekaa kitandani nikipima. Nyumba inaweza kuanguka leo. Au isimame miaka ishirini. Moshi hauna haraka, lakini haukosei. Mwenye akili angekimbia kipi?
Niandike na hili, maana hakuna anayesoma: nimechoka kula peke yangu. Naogopa hilo kuliko ufa.

Jumapili, 4 Mei
Dandora. Nimekuja na begi na patasi zangu. Jacky amepika chapati na ndengu. Mjukuu wangu Kamene, miaka minne, amekula akiwa mapajani mwangu. Muda mrefu sijashikwa na mtu.
Mchana upepo ukageuka. Nikafunga dirisha. Jacky akasema haisaidii, moshi unapita chini ya mlango. Kisha Kamene akakohoa. Si mafua. Kifua kinapiga filimbi.
Nikauliza tangu lini.
"Huwa anakohoa hivyo tu, Baba," Jacky akasema. "Tumezoea."
Nilipohama hapa mtoto huyu alikuwa ananyonya. Niliokoa mapafu yangu. Sikumbeba mtu.

Jumanne, 6 Mei
Kliniki. Jacky hakuona haja ya kuja — mtoto anakula, anacheza, na yeye hawezi kukosa kazi kwa sababu ya kikohozi. Nimemleta mwenyewe.
Tukiwa kwenye foleni Owino alipiga simu. Jumba bado limesimama, watu wameanza kurudi. Anataka kujua kama narudi au chumba kipewe mwingine. Nimemwomba anipe hadi jioni. Kule Kware moshi haufiki. Watatu tungetosha. Lakini nitamwambiaje Jacky amlaze mtoto juu ya nguzo ile? Na nitamwambiaje abaki hapa?
Nesi amesikiliza mgongo wa Kamene. Akarudia, sasa macho amefumba. Akaniuliza mtoto anaishi wapi. Nikamshusha Kamene shati. Akadhani sijasikia, akauliza tena, kwa upole, kisha akasema atamwita daktari kwanza, fomu nijaze mwenyewe.
Jina nimeandika. Umri nimeandika. Mstari wa makazi bado mtupu, na nasikia viatu vya nesi na daktari vinarudi —