Mwaitu, Majibu Yangu Wameyapiga Picha

Mwaitu mpendwa,

Leo nimerudi Makindu kutoka Kitui nikaenda moja kwa moja kwenye beseni kunawa vidole. Nimetumia sabuni ya kufulia, ile kali uliyoipenda, na bado nahisi kinyaa. Nilikuwa kwenye hospitali ile ile ulikopimwa wewe. Siku hizi wana tovuti mpya, ya wagonjwa kuweka miadi na kupata majibu yao kwa simu, na ofisi yetu ndogo ndiyo iliyoitwa kuijaribu, kuona kama sisi tusioona tunaweza kuitumia. Nakuandikia wewe, mama, kwa sababu unajua hasira hii ilianzia wapi. Barua naiacha wazi ili na watu wa hospitali waisome, maana wao wana macho.

Unaukumbuka ungo wa ndengu? Wengine walikwenda shambani, mimi ulinikalisha kwenye mkeka mlangoni nikachambua mawe kwa vidole. Shangazi alipokuja kutoka Wote akanikuta kwenye kazi hiyo, akakuuliza kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia vizuri tu, kama nyumba hii imeishiwa na watoto wenye macho. Ndengu zilipoiva na chapati zikawekwa mezani, ulimwambia angoje. Ukachota kijiko cha kwanza, ukatafuna polepole mbele yake mpaka nikasikia umemeza.

"Kama kuna jiwe, livunje jino langu kwanza," ulisema.

Shangazi alikula akaongeza. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida ya nyumba yetu, anayesema chakula kiko tayari ndiye anayetafuna wa kwanza. Watu wa Kasikeu walituona wa ajabu, mgeni ameshika sahani na mwenye nyumba anaanza kula. Mimi nilidhani kila nyumba hufanya hivyo.

Nilipopata kazi hii sikujua nikueleze vipi. Nikakuletea mashine yangu ya breli, ile bapa yenye urefu wa rula ya shule, ukaweka vidole juu yake. Maneno ya kwenye kompyuta yanapopita, vinundu vidogo huinuka na kushuka, nami nasoma. Ukacheka ukasema inakutekenya. Ile sauti inayonisomea skrini, ambayo mimi huiendesha mbio, ulisema ni mwanamke anayefukuzwa na nyuki. Halafu wanawake wa kanisa walipokuuliza Mwende wako anafanya nini huko Makindu, ukawaambia anachambua mawe kwenye kompyuta. Sijasikia mtu akiieleza kazi yangu vizuri kuliko hivyo, hata mimi mwenyewe.

Sasa niruhusu nirudi kwenye lile tusilopenda kulirudia. Majibu yako yaliingia kwenye simu yangu tukiwa nyumbani. Ulikaa karibu nami, mkono wako juu ya goti langu. Nikaunganisha mashine, nikafungua ukurasa, na chini ya vidole vyangu likaja neno moja, picha. Nikapapasa juu, nikapapasa chini, picha. Walikuwa wamechukua karatasi wakaipiga picha kwa simu. Nina programu ya kutoa maneno kwenye picha, nikaijaribu, ikaniletea takataka tupu, kwa sababu mhuri wa hospitali ulikuwa umepigwa juu ya maneno yenyewe. Wewe hukupelekwa shule, kusoma hukujua. Ikabidi tumwite jirani yetu, Mama Ndinda, naye akasoma akiwa amesimama mlangoni, kwa ile sauti yake ya kutangaza matangazo kanisani.

"Imeandikwa ni kansa ya titi. Woi, pole sana, Mama Mwende."

Nyuma yake walikuwepo watu waliokuja kuteka maji kwenye tangi letu. Jumapili iliyofuata ulikaa kwenye benchi yako ya mbele, na mchungaji akawaita wazee wa kanisa wakuombee, kwa jina lako, kwa jina la ugonjwa, na kwa jina la kiungo chenyewe. Walikuwa na nia njema, sikatai. Tulipokuwa tukirudi, karibu na lango letu, ulisimama.

"Hata kulia sijalia," uliniambia, "na wanaume tayari wameliombea titi langu."

Hukukaa tena kwenye benchi ya mbele mpaka siku walipokubeba kukupitisha hapo. Nilikuzika nikiwa na hilo moyoni, na bado ninalo.

Leo basi. Nilikwenda na Abdi, mwenzangu kazini, kijana wa wale wenye duka la sukari na mchele karibu na steji ya Makindu. Yeye anaona kidogo, husoma pua ikiwa imegusa skrini. Msimamizi wa mradi pale hospitalini ni bwana anayeitwa Musyoka. Alitupokea kwa soda na samosa, akatukalisha kwenye chumba cha mikutano, akasema kilichobaki ni sisi kupitisha tu, kwa sababu uzinduzi umeshapangwa na wageni wameshaalikwa. Nikaweka mashine yangu mezani nikaanza.

Kitufe. Kitufe. Kitufe. Ndicho nilichokisoma, Mwaitu, vitufe visivyo na majina, mtu ajibahatishie mwenyewe. Nikabonyeza kimoja kikafuta yote niliyokuwa nimeandika. Nilipotaka kuweka miadi, tovuti ikanitaka nithibitishe kuwa mimi ni binadamu kwa kuchagua picha zenye daraja. Pembeni kulikuwa na alama ambayo Musyoka alijivunia sana, akasema hiyo ndiyo ya walemavu. Nikaibonyeza. Herufi zikawa kubwa na rangi zikabadilika. Wamenipa rangi, Mwaitu, mimi.

Hapo Abdi akacheka kicheko kibaya. "Mwende," akasema, "hapa juu kabisa kuna picha yako."

Walinipiga picha siku ya kwanza tulipokuja kupatana kazi, wakasema ni ya kumbukumbu. Kumbe wameibandika kwenye ukurasa wa mbele, nimetabasamu, vidole juu ya mashine, na chini yake maandishi makubwa kwamba tovuti hii ni ya wote. Nilikuwa nimeupitia ukurasa ule mwanzo hadi mwisho. Chini ya vidole vyangu uso wangu ulikuwa neno lile lile, picha. Nikaisukuma mbali sahani ya samosa.

Kuna jambo sijamwambia mtu hapa nyumbani. Nina uvimbe, Mwaitu, upande ule ule wa kwako. Nilipimwa pale pale, kwa sababu ndiko kwenye mashine ya kupimia, na majibu niliambiwa yatakuja kwenye tovuti. Kwa hiyo nilipofika kwenye sehemu ya majibu niliingia kwa jina langu mwenyewe, kujaribu na kujua kwa pamoja. Yalikuwa yameshafika. Nikashusha vidole nikisoma, jina langu, tarehe, halafu picha. Nikaisikia harufu ya nyumba yetu siku ile. Abdi alirudisha kiti chake nyuma haraka, akasema yeye hajaangalia.

Musyoka alizunguka meza akiwa na soda mkononi. "Si nikusomee tu, Madam? Iko hapa. Kwani nyumbani ni nani hukusomea?"

Nikaifunika skrini kwa kiganja. "Usisome."

Akacheka, akadhani natania. Akasema vipofu wanaokuja pale ni wachache, na kila mmoja huja na mtu wake, hizo kasoro watazifix pole pole baada ya uzinduzi. Nikamuuliza, kiganja bado kipo pale, kwa nini majibu ni picha. Akanieleza bila aibu hata kidogo. Maabara huyaandika kwenye kompyuta, huyachapisha kwenye karatasi, hupiga mhuri, mkubwa hutia sahihi, kisha karani huipiga karatasi picha na kuipandisha kwenye tovuti. Bila mhuri, alisema, watu watafikiri ni feki.

Yalikuwa maneno tangu mwanzo. Yako pia yalikuwa maneno, mtu ameyaandika herufi kwa herufi, na vidole vyangu vingeyasoma pale pale nawe umeshika goti langu, mlango umefungwa. Wakayaharibu kwa ajili ya mhuri. Nimekutana na uzembe mwingi kwenye kazi hii na huwa nauzoea, lakini huu wa leo ulinichefua. Watu wanajisifu kwamba chakula kiko tayari na hakuna hata mmoja wao aliyetia kijiko mdomoni.

Nilimwambia Musyoka sipitishi. Nikamwambia na picha yangu itoke. Akaniambia mkurugenzi hatafurahi, na kwamba ofisi za kufanya majaribio ziko nyingi. Nikamwambia awaite. Kisha nikamwomba Abdi anipeleke maabara. Mama wa pale nilimwomba anitumie maneno kama alivyoyaandika, kabla ya karatasi. Hakuleta ubishi, alishangaa tu kwamba hakuna aliyewahi kumwomba.

Nikayasoma kwenye benchi ya korido, mashine magotini. Watu walipita wakibeba watoto, mtu alikuwa akigombana na mlinzi kuhusu foleni, mwanamke mmoja alikaa karibu nami akanisalimia nikamwitikia. Hakuna hata mmoja aliyejua ninachosoma. Ulistahili hivyo, Mwaitu, nawe hukupewa.

Tulipotoka Abdi alinishika mkono akanong'ona kwamba getini wametundika bango, na kwenye bango ni mimi. Nikapita chini ya uso wangu mwenyewe nikaenda zangu. Wagonjwa wengine majibu yao bado ni picha hadi ninapoandika, na pengine kesho kuna Mama Ndinda mwingine anasafisha koo.

Majibu yangu sitayaandika hapa, kwa sababu barua hii itasomwa na wengi, na Mama Ndinda atawasomea wajukuu. Jumamosi nakuja Kasikeu. Nitawatuma wote mtoni, nitakaa pale ulipolala, nikuambie wewe peke yako. Na kama ni ya kulia, tutalia kwanza sisi wawili, ndipo wengine waombe.

Ningoje basi.

Mwanao, ambaye ndengu zake ulizila wa kwanza,
Mwende