Shanta la Baba

Kaka yangu uliye mbali,

Huku hatujambo. Paka kazaa kwenye kapu la nguo, na bomba la jikoni linavuja vilevile.

Baba bado anajiona kiongozi wa wapanda mlima. Kila asubuhi nampangia shanta lake la mgongoni: blanketi chini, sufuria katikati, koti la mvua juu. Nikikosea hufoka, "Mvua ikikukuta njiani utafukua mpaka chini?" Akisinzia, navitoa vyote, maana kesho tunaanza upya. Siwezi kwenda hata dukani. Atafungua mlango aufuate mlima wake.

Leo alilinyanyua shanta, akaridhika, kisha akaniuliza, "Na lako liko wapi, mwanangu?"

Nikachukua kalamu nikuandikie.

Salamu zako zinatosha, kaka. Njoo unipokee mzigo huu.

Mdogo wako uliyemwacha nyumbani