Turubai Moja na Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Machi 1911. Arusha.

Tangu asubuhi napaka magurudumu mafuta ya kondoo. Mikono inanuka, hata chai inanuka. Turubai nimeliziba matundu kwa vipande vya gunia. Likivuja tena nitajua linafanya kusudi.

Kesho safari ya Oldonyo Sambu. Gari hili limezoea kubeba mahindi, ngozi na magadi. Magunia hayanuniani. Kesho nabeba watu wa nyumbani.

Nashipai, mke wangu, tumbo la miezi saba. Mama yake, aliyekuja kumchukua akazalie kwao. Dada Mwanaidi, aliyepanda kutoka Pangani akijua ni yeye atakayempokea mtoto, maana huko nusu ya watoto wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Na shemeji Lembris, kaka yake Nashipai, wa kuwaongoza maksai kwa mbele.

Mimba ya mwaka jana iliharibika. Mama mkwe anasema ni kwa kuwa binti yake alikuwa mbali naye. Dada anasema ni kwa kuwa yeye hakuwapo. Mimi naogopa tu, na hakuna aliyeniuliza.

Nashipai amechagua kwa mama yake. Dada hakubishana. Alisema, "Haya, na mimi naja," akaanza kufunga sanduku. Ni sanduku la mti wa msaji, zito, la kubebwa na watu wawili.

Jumanne, 7 Machi. Ngaramtoni.

Tumetoka jua likichomoza. Askari wa bomani walituona wakacheka. Wanawake, sanduku, mitungi, kuku watatu miguu juu. Akida akagoma mtoni. Huyu ni ng'ombe wangu wa mbele. Nimempa jina hilo kwa sababu bila kelele haendi.

Mambo ya ukwe. Lembris alinifundisha sheria zao Waarusha nilipooa, nami nazishika kuliko wenyewe. Nisimtazame mama mkwe usoni. Nisile mbele yake. Nisilitaje jina lake, wala yeye langu. Nisiwe naye chini ya paa moja. Aliyeziweka sheria hizo hakuwa na gari. Basi nimetundika kaniki kama pazia katikati ya turubai. Mama mkwe anapandia nyuma, anaketi ukingoni miguu ikining'inia, anatazama tulikotoka. Mimi niko mbele natazama tunakokwenda. Nashipai na dada katikati, upande wa nyuma wa pazia, pamoja na sanduku.

Lembris anasema dawa ipo. Nikimpa mama mkwe kondoo jike na yeye akampokea, tutaitana Paker, yaani mwenzangu wa kondoo. Tukishaitana hivyo haya hupungua, tutaweza hata kusalimiana. Nimemwambia kwamba mtoto akifika salama nitatoa kondoo aliyenona. Kabla ya hapo sitaki shangwe yoyote.

Mchana nimekula nimejificha nyuma ya Akida. Dada akaniona. "Salim, mdogo wangu, una kosa gani hata ule na ng'ombe?" Nikamweleza. Hakukubali. Kwetu mkwe unambusu mkono na unaketi naye. Yeye anaona yule mama akijifunika uso kila nikipita, anasema tunadharauliwa na mtu asiye hata na sanduku.

Nikashika mjeledi, tukaondoka. Dada mkubwa ni mama.

Jumatano, 8 Machi. Ngaramtoni.

Mvua. Barabara yote uji. Hatukusogea. Watu wazima watatu chini ya turubai kutwa, na Lembris na mimi chini ya mti tukilowa.

Ugomvi wa chakula. Kwa Waarusha mwenye mimba kubwa hula kidogo, mtoto asije akanenepa akakataa kutoka. Mama mkwe anampa supu ya mizizi, chungu, kikombe kimoja. Dada anapika uji wa mchele kwa samli na tende alizotoka nazo pwani. Akimpa bakuli, mama mkwe analichukua, analiweka nyuma yake. Dada analirudisha. Hakuna anayesema neno, maana mmoja hajui Kimaa, lugha ya Waarusha, na mwingine Kiswahili chake ni cha sokoni. Bakuli limekwenda na kurudi mpaka uji ukapoa. Nashipai akalia.

Nilitamani kupiga kelele kama ninavyompigia Akida. Ningemwambia nani? Mmoja siruhusiwi kumsemesha, mwingine simthubutu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho ni ya tatu. Jembe liko garini, wamelikalia.

Alhamisi, 9 Machi. Korongoni.

Daftari limelowa. Naandika hivyo hivyo.

Mvua ilikatika, tukatoka. Nashipai alikuwa amelala. Tulifika kwenye mteremko wa korongo, Lembris mbele ameshika kamba ya maksai, mimi na mjeledi na breki. Nikasikia mtu anagonga ubao huko nyuma. Mara tatu. Kimya. Tena mara tatu, kwa nguvu. Halafu nikasikia mwiko ukijibu juu ya sanduku, ko ko ko. Dada huyo. Nikajua wanagombania bakuli.

Sikugeuka. Ningegeuka ningefunua pazia, na nyuma ya pazia kuna uso wa mama mkwe. Nikajisifu moyoni kwamba nina adabu.

Gurudumu la nyuma la kushoto lilichomoka tukiwa katikati ya mteremko. Gari likalala ubavu. Sanduku la dada likateleza likamwangukia Nashipai tumboni.

Kilichotokea ni hiki. Mama mkwe, kwa kuwa alikuwa akitazama nyuma, aliona pini ya gurudumu imeanguka barabarani. Kuniita hawezi. Akagonga ubao. Akamwambia dada kwa Kimaa, dada akadhani anatukanwa. Mama mkwe akaruka chini, akaiokota pini, akaanza kukimbia kandokando ya gari amfikie Lembris. Hakumfikia.

Nimesimama pale kama gogo. Ndipo nikasikia jina langu.

"Salim! Shika hapa."

Mama mkwe alikuwa mbele yangu, kichwa wazi, pini mkononi, ameshika pembe moja ya sanduku. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Nashipai. Tukaliinua pamoja.

Kuna damu. Si nyingi. Naogopa kuliko nilivyopata kuogopa.

Ijumaa, 10 Machi. Korongoni.

Damu bado. Maumivu yanakuja na kuondoka.

Nimeswali peke yangu kando ya maksai. Sikumaliza vizuri.

Jumamosi, 11 Machi. Korongoni.

Tangu alfajiri ya leo damu hakuna. Nashipai hatakiwi hata kukaa. Wamemlaza juu ya godoro la majani, miguu imeinuliwa juu ya sanduku. Leo sanduku lina kazi.

Nimewatazama wale wawili kutwa. Sasa natazama, nani atanikataza? Dada amekunja mikono ya kanzu, kiganja kiko juu ya tumbo, macho amefumba. Mama mkwe anachemsha mizizi yake. Dada akanyoosha mkono bila kufumbua macho, mwenzake akampa kikombe. Dada akakionja kwanza, akakunja uso, akamnywesha Nashipai. Baadaye mama mkwe akauchukua uji wa tende akamlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha. Kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa dada pale tumboni. Wakakaa hivyo.

Mchana dada alikuja kuketi nami. Akasema, "Alikuwa ananiambia, na mimi nikamgongea mwiko." Akalia. Sijapata kumwona dada akilia tangu tuzike baba. Nikamwambia mimi nilisikia pia. Yeye hakuelewa lugha. Mimi nilikuwa naogopa kukosa adabu, nikaacha gari lianguke. Hiyo si adabu. Nimejichukia leo mchana kutwa.

Lembris alikwenda kwao kutafuta watu. Wamekuja vijana wa rika lake na magogo ya mzeituni, tumeinua gari, gurudumu limerudi. Pini ya zamani ilikuwa imelika. Mmoja amechonga ya mzeituni, ngumu kama chuma.

Alasiri Nashipai akaniita. Akachukua mkono wangu akauweka ubavuni. Nikangoja. Hakuna kitu. Nikangoja tena. Kisha teke, dogo, moja tu.

Nilikwenda kusimama nyuma ya Akida, lakini safari hii si kwa kula.

Jumapili, 12 Machi. Oldonyo Sambu.

Tumefika. Hakuna aliyepanda garini ila Nashipai. Sisi wengine tulitembea, dada upande huu wa gari na mama mkwe upande ule, kila mmoja ameshika ubao kana kwamba wanalibeba wao. Kwenye kila jiwe dada alinigombeza. Sikukasirika.

Mama mkwe amejifunika uso tena. Hanitazami. Lembris ameniambia ana aibu kubwa: alilitaja jina langu mbele ya watu, akaniona, nami nikamwona. Wanawake wa boma wameshasikia. Wengine wanamcheka, wengine wananyamaza, na hilo la pili linamuumiza zaidi. Nimeuliza nifanye nini. Lembris akanitazama kama mtu aliyekwisha kujibu swali hilo.

Kesho Maulidi. Pangani sasa hivi wanapima mchele. Dada amesoma anayoyakumbuka, kwa sauti ndogo, kando ya zizi la mbuzi. Alipomaliza alikuta kibuyu cha maziwa kimewekwa karibu yake. Akanywa chote, ingawa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi hayapendi.

Jumanne, 14 Machi.

Nimepata kondoo. Jike, mweusi, mkia mnene. Nilisema nitatoa mtoto akizaliwa salama. Mtoto bado yuko tumboni, na hakuna anayejua la mbele. Nashipai ananyanyuka sasa, anakula uji na supu vyote viwili, anateta na mama yake. Hofu ninayo. Lakini kungoja ni kumwacha yule mama na aibu aliyoipata kwa kutuokoa.

Lembris alimpeleka kondoo mlangoni, mimi nyuma yake, macho chini kama nilivyofundishwa. Mama mkwe hakutoka. Mkono ukatokea mlangoni, ukashika kamba, ukamvuta kondoo ndani. Neno Paker sikulisikia.

Sijui kama ndiyo amepokea au anamhifadhi tu asilowe. Lembris naye hajui. Nalala na uchungu.

Jumatano, 15 Machi.

Narudi Arusha, kuna mahindi ya mtu yananingoja. Nashipai anabaki. Dada anabaki pia. Hakuna aliyemwalika, wala hakuna aliyeshangaa. Sanduku lake limeingizwa ndani ya nyumba ya mama mkwe. Ilibidi wang'oe fito mbili za mlango.

Nashipai alinisindikiza mpaka kwenye mti wa njiani. Nikamwambia asibebe maji. Akaniambia nipake magurudumu mafuta. Tukaagana hapo.

Gari jepesi. Kaniki nimeikunja, turubai liko wazi mbele na nyuma, upepo wa mlima unapita. Lembris ameshika kamba, Akida amegoma, nimempigia kelele, ameondoka.

Hatujafika mbali nikasikia mtu anagonga ubao wa nyuma. Mara tatu.

Nikageuka.

Mama mkwe alikuwa akitembea nyuma ya gari, uso wazi, kibuyu cha maziwa mkononi. Nikavuta breki. Akakiweka juu ya ubao, akalikagua gurudumu la kushoto, akaigusa pini kwa kidole.

"Paker," akasema.

"Paker," nikaitika.

Akarudi nyumbani kwake. Nilimtazama mpaka alipoingia.