Mashine mbili chumbani kwa shangazi

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Kariakoo imepoa kidogo, maduka mengi ya chini yamefungwa.

Shangazi amefika jana kutoka Moshi. Kesho anafanyiwa upasuaji hospitalini pale Upanga. Nimempa chumba changu, na humo ndimo zilimo mashine zangu mbili za sarafu za mtandaoni. Ile ndogo ni ya Bitcoin. Kubwa, yenye feni inayovuma, ni ya Ethereum. Imepakua kumbukumbu za mtandao kwa wiki kadhaa, na jana tu ndipo ilipozifikia mashine za wenzangu.

Nikaingia kuizima ili apumzike.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unazima nini?"

Nikamweleza. Zinatunza nakala ya kila muamala, na kila mpya unaoingia zinaukagua.

"Wanakulipa?"

"Hapana."

"Sasa unapata nini?"

Nikasema napenda tu kujua kuwa na mimi nimo.

Akacheka. "Marehemu mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga nyuma ya nyumba. Tangu tuiuze, silali vizuri. Iache ivume."

Akalala. Mimi nikakaa mlangoni, nikiwaza watu wa mbali, nisiowajua, ambao mashine zao zinaongea na zangu juu ya kichwa cha shangazi.

Mchana umeme ukakatika.

Betri yangu ya akiba haiwezi kubeba vyote, na joto lilishaanza kumtoa jasho. Nikazizima mashine zote mbili taratibu, nikachomeka feni ya mezani.

Akafumbua macho. "Mbona kimya?"

"Umeme, shangazi."

"Naogopa kesho."

Sijawahi kumsikia akisema anaogopa kitu.

"Niambie basi," akasema, "hizo mashine huwa zinasemezana nini?"

Nikamwambia. Moja inauliza, umesikia nini kipya? Nyingine inajibu. Nikaendelea hivyo, sauti ikishuka, mpaka pumzi yake ikawa nzito.

Umeme umerudi, ila mashine sijaziwasha. Redio ya jirani imeanza kuimba. Naandika haya kwenye simu, kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ameushika.

Mtandao hauningoji, najua. Kila dakika unazidi kuniacha.

Uniache tu. Leo nipo hapa.