Bati niliyoweka juu ya Neema

Siku ya tano ya juma, jioni. Mvua imekatika, Bunia yote iko matope, na miye nimejifungia mu chumba sawa mwizi.

Daftari yangu, leo usinicheke.

Unajua vile ninajisifu. Shule ilinishinda mu ya pili sekondari, lakini kwa kujenga, mu mutaa yetu hakuna wa kunifikia. Ndiyo maana walinipa kazi ku santre mupya ya kutunza banyama wenye majeraha na wayatima. Enjenia alichora nyumba za matofali ya udongo bila kuchoma, juu ya kuepusha kukata miti, na nyasi juu. Nyasi! Hapa mutu akiinuka kidogo tu, anatupa nyasi anaweka bati. Ndiyo heshima.

"Enjenia, batu watasema tumeishiwa."

"Nyasi inanyamazisha mvua, petit, mudogo yangu."

"Tangu lini mvua inanyamazishwa, kaka?" Shantie yote, mafundi na vibarua, ilicheka.

Enjenia akaenda Ariwara kutafuta mbao. Nyuma yake nikachukua bati zilizobakia ku depo, nikaezeka chumba ya Neema. Nikapiga foto, nikaweka ku statu ya WhatsApp: *Kazi ya bosi.*

Neema ni mutoto wa sokomutu. Kule pori ya Niania walimupigia mama yake risasi, yeye akiwa mu mugongo. Mama Vumilia, mwenye kulisha banyama, alimubembeleza mupaka juzi akakubali kula ndizi ku mukono.

Leo saa sita mvua ikashuka.

Ku bati ilikuwa ta-ta-ta-ta. Neema alilia, akajigonga ku ukuta, akajikunja mu kona akijiuma mukono mupaka damu. Miye nilikuwa ku mulango, nimeziba masikio.

Sababu miye niko mutoto wa Djugu, kwenye vita. Ile sauti, sawa risasi, tuliikimbia na mama, tukiacha chakula ku moto. Mupaka leo mvua ikipiga bati ya kwetu, ninapandisha muziki, na batu wanafikiri ninapenda kucheza.

Enjenia alisoma mambo hii mu vitabu. Miye niliijua mu mwili, na nikacheka.

Mama Vumilia hakunitukana. "Weye petit, na ile mudomo yote, haukuweza ata kuuliza?" Akanipa ndizi nimupelekee Neema.

Neema akanigeuzia mugongo.

Nimefuta foto. Enjenia nimemupigia simu, nimemwambia yote. Asubui nitapanda kuondoa zile bati, shantie yote ikiniangalia. Waniite fundi wa nyasi, haina neno.

Lakini Neema, atakubali tena mukono ya mutu?