Shule ya Nyasi na Sauti Yako

Kaka Enoki,

Kamwene. Najua huwezi kuitikia, ila sijui namna nyingine ya kuanza na wewe. Ulipokuwa unarudi likizo ulikuwa unaanza kunisalimu ukiwa bado mbali, kule kwenye miti ya miwati, na mimi naacha ndoo njiani nakukimbilia. Safari ya mwisho ulikuja kwa lori kutoka Njombe, umefungwa kwenye blanketi la shule, na hakuna aliyemsalimu mtu.

Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Nimemwambia baba.

Usinikasirikie kabla hujanisikia. Kwanza habari za nyumbani. Mama hawezi tena kusikia kikohozi. Mdogo wetu Yoeli akikohoa kidogo tu, hata kama ni moshi wa jikoni, mama anaacha mwiko anakwenda kumshika kifua. Mtoto mwenyewe sasa anakohoa kwa kujificha, nyuma ya ghala, asimtie mama hofu. Nilimkuta huko, nikalia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Na baba akatangaza kwamba mwaka mpya Yoeli anakwenda kule kule kwako, shule ya misheni Njombe, ashike nafasi yako.

Mimi nilijua kwa nini. Ni mambo ya pale nje ya kanisa. Wewe unayajua kuliko mimi: Jumapili ya kwanza ya likizo kila kijana anayesoma mbali anaitwa mbele asome somo, na ibada ikiisha wanaume wanabaki uani kupima shule. Wanapima kwa masikio tu. Aliyesoma kwa sauti ya kujaza kanisa, bila kukwama, shule yake ni shule. Aliyeng'ang'ana na maneno, shule yake wanaitemea mate. Na shule yetu ya hapa Makambako, ya udongo na nyasi, haikuitwa hata kupimwa. Wasichana tulipelekwa pale kwa sababu ni karibu, tuwahi kurudi kuteka maji. Mwalimu wetu mwenyewe sauti yake haifiki mlangoni! Mtoto wa kwetu akisoma, anasoma kidole kikiwa chini ya neno, polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nani angemsifu huyo?

Wewe walikusifu. Baba alikuwa anasimama katikati yao, kofia mkononi, anajifanya hasikii. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Kaka, ni mimi niliyekuwa nakusomea. Mzee wa usharika alikutajia somo tangu Ijumaa, nawe ulikuja kunitafuta shambani kwenye viazi. "Rudia," ulisema. "Polepole, Eliza." Nilisoma, ukafumba macho, na kabla jua halijazama somo lote lilikuwa kichwani mwako, hata mahali pa kuvuta pumzi. Ulikuwa na sikio la ajabu. Ulinieleza kwamba kule mmejaa darasani, mwalimu anatamka nanyi mnaitikia wote pamoja, na wewe kwa sababu ya sauti ulikuwa unawekwa mbele kuongoza, hivyo hakuna aliyewahi kukuuliza peke yako. Ile Jumapili uliyofungua kitabu mwanzoni kabisa wakati somo lilikuwa karibu na mwisho, nilikaribia kuzirai kwa kicheko. Mama alinifinya. Wewe ukaendelea kusoma ukiwa umekodolea ukurasa usiohusika, kwa utulivu wa askofu.

Uliniambia, "Baba asijue. Atakufa kwa aibu." Nikanyamaza. Ningenyamaza mpaka leo, wewe mwenyewe unanijua.

Lakini wenzako waliokuja mazishini walituambia kwamba ulikuwa unakohoa tangu baridi ilipoanza, ukiulizwa unasema mzima. Na kweli salamu zako kwa watu wa lori zilikuwa hizo hizo: mwambieni baba mimi mzima. Mzima! Nakupenda, lakini kwa neno hilo nina hasira na wewe. Kila nikiwaza juu yake nataka kukupiga, halafu nakumbuka hakuna wa kupiga.

Halafu nikamkuta Yoeli nyuma ya ghala na mikono mdomoni.

Nilimwambia baba tukiwa tunachimba viazi. Nilisema, "Baba, kaka hakuwa anasoma. Alikuwa anakariri. Mimi ndiye niliyemsomea." Sikupamba, maana ningepamba ningeishia kunyamaza. Hakunipiga. Aliendelea kuchimba, na unajua baba alivyo, hajawahi kukata kiazi kwa jembe maisha yake yote, sisi tukikata anatugombeza. Siku hiyo alikata tuta zima, viazi vyote vipande vipande. Mwisho wa tuta ndipo akauliza, bila kuniangalia, "Kwa nini hakuniambia?"

Nikamjibu, "Alikuogopa, baba."

Nisamehe. Labda ningesema, "Alikupenda, baba," nayo ni kweli. Lakini lililonitoka ni lile.

Siku chache baadaye, tukiwa darasani, nikamwona amesimama mlangoni mwa shule ya nyasi, kofia mkononi. Akamwomba mwalimu ampe kitabu. Baba hajui hata herufi moja, lakini alikifungua mwenyewe kwa kidole gumba, katikati, popote. Akamwita binti mmoja nje: "Nisomee hapa." Binti akasoma, kidole chini ya neno, habari ya mbuzi aliyekula paa la nyumba. Baba akamrudisha ndani, akamwita wa pili, mvulana wa yule mjane anayesuka mikeka, akampa ukurasa ule ule. Naye akakwama, akarudia, akakwama tena, na mbuzi akala paa lile lile.

Baba akaomba wa tatu. Mwalimu akampa bila kuuliza kitu.

Alipofika nyumbani alimwambia mama, "Wote wanasema kitu kimoja." Akaingia ndani mchana kweupe, akajifunika blanketi, na mama akatuzuia tusiingie. Tulimsikia. Sikujua kwamba baba analia kwa sauti nyembamba vile.

Kwa hiyo Yoeli hatakwenda Njombe. Ataanza hapa, na mimi nitampeleka asubuhi na kurudi naye. Wanaume uani tayari wana maneno, wanasema msiba umemvuruga baba akili, mtoto wa pili anamtupa kwenye nyasi. Baba hakai nao tena. Ibada ikiisha anakuja kaburini kwako, bila shaka umemwona. Sijui anakuambia nini. Sijathubutu kusogea karibu.

Mimi natamani tu ungekuwa unakohoa hapa nyumbani, hujui herufi hata moja, na kanisa zima linajua kwamba hujui.

Baki salama, kaka. Nitakuja Jumamosi kupalilia, magugu ya huku hayangoji mtu amalize kulia. Ahadi yangu kwako ni kuhusu Yoeli. Kusoma atasoma, hilo ni kazi ya mwalimu. Yangu mimi ni nyingine: nimeanza kumfundisha kusimama mbele ya baba, macho juu, aseme, "Baba, sijui." Na akishaliweza hilo, aseme, "Baba, naumwa."

Mdogo wako,
Eliza