Mama mkwe ameniita mchawi kwa sababu ya manjano

Noela, mama mkwe ameniita mchawi. MCHAWI! Mbele ya majirani wote, hapahapa Buhongwa.

Jana alijimwagia mchuzi wa sato wenye manjano kwenye gauni lake jeupe la kanisani. Leo jioni nimelipaka sabuni ya mche, doa likageuka jekundu. Akapiga yowe: "Damu! Huyu Mhaya anataka kuniua!"

Nikamwambia, "Mama, ni manjano tu. Yakikutana na sabuni yanakuwa mekundu kwa sababu sabuni ni besi. Ukiweka asidi, unjano unarudi." Hasikii! Nikakata limao, nikalikamulia palepale, wote wanaangalia.

Doa likawa la njano tena. Nikajua yameisha.

Unajua alisemaje? "Mmeona? Anaigeuza damu anavyotaka!" Majirani wakarudi nyuma. Mama Justa akamvuta mwanawe nisije nikamgusa. Mtoto ambaye nimemfundisha hesabu bure mwaka mzima!

Na Mashimba alikuwa amesimama mlangoni. Mume wangu, mwalimu wa kemia wa sekondari! Nikamwambia, "Mweleze mama yako." Neno lake moja lingetosha. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Muombe mama msamaha, yaishe."

Msamaha wa nini, Noela? Wa nini?

Nimemjibu, "Basi kawafundishe wanafunzi wako kwamba limao ni uchawi." Nimefunga begi, nakuja kwako Igogo. Sirudi mpaka aseme ukweli mbele ya majirani walewale.